Chupa tano zinatosha: namna ya kuchagua rangi zako za wino wa alkoholi

Ukifungua boksi la wino wa alkoholi lenye chupa 24, jicho hukimbilia vifuniko. Unaona zambarau imekolea vizuri, unadondosha tone kwenye kigae, unaongeza spiriti, na ile zambarau inageuka pinki yenye ukingo wa bluu. Hujaharibu kitu. Ndivyo rangi ile ilivyo, ila kifuniko hakikukwambia. Mwongozo huu unakufundisha kuijua rangi kwa tabia yake: ikiwa mbichi, ikishakauka, ikikutana na mwenzake, na ikikaa juani. Ukiufuata mpaka mwisho utabaki na chupa tano hivi unazozimudu, na nyingine utaziacha dukani bila kinyongo.

Kwanza tuelewane kuhusu kimiminika chenyewe. Rangi za mafuta za kopo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga pale Dar es Salaam zina pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi zinazoelea ndani ya kimiminika. Ukipaka njano juu ya bluu iliyokauka, njano inaifunika bluu na kazi inaendelea. Wino wa alkoholi, ukiacha nyeupe na zile za metali, hauna chembe hizo. Rangi yake imeyeyuka ndani ya spiriti kama sukari kwenye chai, kwa hiyo mwanga unapita. Njano juu ya bluu itatoa kijani tu, upende usipende. Tena hata wino uliokauka tangu jana ukiguswa na spiriti unayeyuka upya, kwa hiyo tabaka la chini haliishi kuwa sehemu ya mchezo.

Hapo ndipo uchaguzi wa rangi unapopata uzito ambao haupo kwenye rangi za kopo. Mchoraji wa Tingatinga akichoka na rangi anaifunika. Wewe huna cha kufunikia. Kila rangi unayoiweka mezani lazima iwe inaelewana na jirani yake, na weupe wote wa picha unatoka kwenye kigae au karatasi iliyo chini.

Hatua ya 1: Andaa spiriti, mahali pa kuchorea na hewa

Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 hadi 99. Ile ya asilimia 70 inayopatikana kwenye maduka mengi ya dawa ina maji karibu theluthi moja, na maji hayaruki haraka kama spiriti. Yanabaki nyuma yakiacha madoa yaliyofifia na kingo zenye punjepunje, nawe utailaumu rangi bure. Yenye nguvu zaidi iulizie kwenye maduka ya kemikali za maabara, au kwa wanaouza vifaa vya mafundi simu, maana wao huitumia kusafishia bodi za umeme. Soma lebo kabla ya kununua kitu kilichoandikwa tu spiriti ya hospitali: baadhi huwekewa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki juu ya kigae. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko nayo iache, imeshatiwa rangi tayari.

Mahali pa kuchorea pawe pasiponyonya. Karatasi inayopendwa na wengi ni Yupo, ambayo kwa kweli ni plastiki ya polipropilini iliyofanywa iwe na sura ya karatasi. Ile ya gramu 200 kwa mita ya mraba inatosha kwa majaribio na kwa picha ndogo. Kama haipatikani ulipo, kigae cheupe cha ukutani kinachong'aa kinafanya kazi nzuri sana, na kwa kujifunzia mimi nakipenda kuliko Yupo: kinafutika chote kwa spiriti na kuanza upya, na duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi lina vilivyovunjika kona ambavyo hawavitaki. Karatasi ya kawaida inanyonya kila kitu. Futa kigae kwa spiriti kabla ya kuanza na usikishike tena katikati, kwa kuwa mafuta ya kidole yanausukuma wino na kuacha alama.

Mengine ni madogo. Glovu za naitraili, pamba za masikio, mirija au kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi, drayeri ya nywele yenye mwendo wa pole, na chupa ndogo yenye mdomo mwembamba ya kudondoshea spiriti.

Kuhusu hewa sitanii. Mvuke wa isopropili unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 12 hivi, maana yake ni kwamba katika nyumba yoyote ya Dar, Mombasa au hata Nairobi mvuke huo upo tayari muda wote unaofanya kazi. Usichoree jikoni, usiwe na mshumaa wala udi unaofuka karibu. Fungua madirisha pande mbili ili hewa ipite. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ukianza kusikia kichwa kizito, toka nje. Feni ya dari izime wakati unadondosha, kwa sababu itachora badala yako, kisha iwashe ukimaliza.

Hatua ya 2: Tengenezea kila chupa kadi yake

Hii ndiyo hatua wanaoruka wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kata vipande vya Yupo vya sentimita 5 kwa 15, kipande kimoja kwa kila rangi. Kama unatumia kigae, kigawe kwa tepu ya karatasi na upige picha kabla ya kufuta. Nyuma ya kadi andika jina la rangi kwa penseli. Ukitumia kalamu ya wino wa kudumu, spiriti italila jina lote.

Kwenye kila kadi weka madoa matatu.

Doa la kwanza: tone moja la wino peke yake, liache likauke lenyewe. Hapa unaiona rangi ikiwa imekolea.

Doa la pili: dondosha matone mawili ya spiriti kwanza, kisha tone moja la wino katikati yake. Hapa unaona rangi inavyotanuka na inavyofifia ikienda pembeni.

Doa la tatu: tone moja la wino, liache likauke kabisa, halafu dondosha tone moja la spiriti katikati. Spiriti itausukuma wino nje na kuacha uwazi. Hapa unajua rangi inavyong'ang'ania.

Sasa kaa uziangalie. Usikimbilie kusema hii nzuri, hii mbaya. Kuna mambo manne ya kusoma.

La kwanza ni tofauti ya rangi nzito na rangi nyepesi. Nyekundu nyingi ikikolea ni damu ya mzee, ikififia ni pinki tupu. Ukiwa unataka nyekundu kali ya kitambaa, lazima uitumie bila spiriti, na hiyo ina maana chupa itaisha haraka. Nili kwa upande wake ikikolea inakaribia nyeusi, ikififia inakuwa bluu ya jinzi iliyofuliwa sana. Chupa moja, rangi mbili, na zote mbili zinafaa. Rangi za namna hiyo ndizo nazopenda.

La pili ni kuachana. Rangi nyingi kwenye chupa zimechanganywa kiwandani kutokana na rangi mbili tatu, na spiriti inapotembea kila moja inaenda kwa mwendo wake. Nyeusi ndiyo hodari wa kuachana: ukingoni unaweza kukuta zambarau, bluu, hata kijani chafu. Kijani huachia njano upande mmoja na bluu upande mwingine. Kahawia hutoa ukingo wa pinki au wa manjano. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa, weka nukta ya wino karibu na ncha moja, chovya ncha hiyo kwenye spiriti kidogo, nukta ikae juu ya usawa wa spiriti, na usubiri ipande. Rangi zilizofichwa zitajipanga kwenye mstari. Ni mbinu ya jamii ileile aliyoitumia Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, kutenganisha rangi za majani, ambayo mwaka 1906 aliipa jina la kromatografia. Kuachana si kasoro. Kuna picha zinazobebwa na ule ukingo wa ajabu peke yake. Kasoro ni kuachana usikokutarajia.

La tatu ni ukingo. Rangi nyingine zinakauka zikiacha mstari mkali kama wa ramani, nyingine zinafifia polepole mpaka zinapotea kwenye weupe. Mimi hutia alama ndogo kwenye kadi: mstari kwa zile kali, nukta kwa zile laini. Ukichora maua utahitaji kali. Ukichora ukungu au mawingu, laini.

La nne ni kung'ang'ania. Chukua pamba ya masikio iliyoloa spiriti, futa sehemu ya doa la kwanza. Rangi nyingine zinatoka zote na kigae kinarudi cheupe, nyingine zinaacha kivuli. Kwenye Yupo utaona kivuli zaidi kuliko kwenye kigae. Rangi isiyotoka usiiweke mahali unapopanga kurudisha mwanga baadaye.

Neno kuhusu majina ya viwandani. Chupa za Piñata za Jacquard na zile za Tim Holtz zinazotengenezwa na Ranger zina ujazo wa karibu mililita 15, na zote unaweza kuzichanganya pamoja kwa kuwa zinayeyuka kwenye spiriti. Majina yao ni ya kupendeza lakini hayakuambii rangi itafanya nini. Copic ya Japani, ambayo wino wake wa kujazia kalamu hutumika pia kwa kazi hii, ina utaratibu unaosaidia zaidi: herufi zinaonyesha familia ya rangi, tarakimu ya kwanza inaonyesha kama imechangamka au imefubaa, na ya mwisho inaonyesha wepesi au uzito wake. BG ni bluu inayoelekea kijani. Hata hivyo, kadi bado unatengeneza.

Na kama chupa hizo hazifiki ulipo? Vimiminika vinavyowaka viko kundi la 3 la bidhaa hatari, na si kila msafirishaji wa ndege anakubali kuzibeba, ndiyo maana oda nyingi huchelewa au hukataliwa. Wino wa kujazia kalamu za kudumu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi nao kwa kawaida ni wa alkoholi, na kwa kujifunzia unafaa. Usichukue wa kalamu za ubao mweupe, huo umetengenezwa ili ufutike na hautashika kitu. Wa mihuri mara nyingi ni wa maji au mafuta. Kadi itakwambia ndani ya dakika chache kama ulichonunua kinafaa.

Hatua ya 3: Zikutanishe mbilimbili

Rangi nzuri peke yake inaweza kuwa balaa ikiwa na wenzake. Hesabu yenyewe inatisha kidogo: rangi tano zinatoa jozi 10, rangi nane jozi 28, na zile 24 za kwenye boksi zinatoa jozi 276. Hakuna mtu anayezijua jozi 276. Anayechora kwa chupa 24 anabahatisha, akipata picha nzuri hawezi kuirudia.

Chagua kadi nane zilizokuvutia. Kwa kila jozi weka tone moja la kila rangi kwa umbali wa sentimita 2, halafu tone la spiriti katikati yao. Zitakimbiliana. Puliza kidogo kwa mrija upande mmoja, acha upande mwingine ujiendee. Andika ulichokiona kwenye eneo la katikati kwa neno moja: safi, fubafuba, tope.

Tope linatokea pale rangi zinazopingana zinapokutana: nyekundu na kijani, bluu na rangi ya chungwa, njano na zambarau. Kila jozi hapo ina rangi zote tatu za msingi ndani yake, na zote tatu zikikutana zinazimana. Lakini kuna tope la aina mbili. Bluu na kahawia zikikutana zinatoa kijivu kizito chenye uhai, kama jiwe la matumbawe lililolowa. Njano ya kiini cha yai na zambarau zinatoa kitu ambacho sijapata mahali pa kukitumia.

Angalia pia rangi inaegemea upande gani. Njano ya limau inaegemea kijani, kwa hiyo ikikutana na feruzi inatoa kijani kibichi safi. Njano ya kiini cha yai ina wekundu ndani yake, na kwa feruzi ileile itatoa kijani cha mwani. Nyekundu nayo ina njano ndani. Ukiikutanisha na bluu ukitegemea zambarau utapata kahawia, halafu utafikiri bluu ndiyo mbovu. Majenta haina njano hiyo, ndiyo maana inatoa zambarau halisi. Ukilielewa hili moja, nusu ya chupa za dukani zinakuwa hazina kazi kwako.

Ukiona jozi unayoitaka inatoa tope, usiikatae mara moja. Weka rangi ya tatu katikati. Machweo ni mfano mzuri: watu wanataka njano chini na zambarau juu, wanazikutanisha, wanapata udongo. Weka majenta katikati. Njano na majenta hutoa rangi ya chungwa, majenta na bluu hutoa zambarau, na zile mbili zinazogombana hazigusani kabisa.

Hatua ya 4: Chagua tano

Sasa una kadi na una jozi. Mezani pawe na rangi moja nyepesi sana, moja yenye joto, moja ya baridi, moja nzito na moja iliyofubaa. Ndani ya mgawanyo huo, moyo wako uamue. Zangu ni hizi.

Njano ya limau. Kwenye Piñata inayokaribia hiyo ni Sunbright Yellow. Huchafuka haraka ikiguswa na chochote, kwa hiyo huidondosha mwanzoni na kuiachia nafasi yake.

Majenta. Hutumika kidogo kidogo kwa sababu ina nguvu. Tone moja linaweza kuteka kigae kizima. Ukiiongezea njano unapata nyekundu, ukizidisha njano unapata chungwa. Tatu kwa moja.

Feruzi. Hapa mimi ni mtu wa pwani na sitajitetea. Ila ina sababu ya kiufundi pia: nyingi za familia hii haziachani sana, kwa hiyo unapofifisha unapata wepesi wa rangi ileile.

Nili. Inafanya kazi ya nyeusi bila kuua mwanga. Nyeusi kutoka kwenye chupa karibu siitumii kabisa. Inaachana ovyo, na ikishaingia kwenye unyevu wa rangi nyingine inazivuta zote kwenda kijivu. Nikitaka giza la kweli nakutanisha nili na kahawia, na giza hilo lina joto upande mmoja na baridi upande mwingine.

Kahawia. Hii wanaoanza hawainunui kwa kuwa kwenye chupa haina mvuto. Mimi ningeinunua kabla ya zambarau, kabla ya kijani, kabla ya nyekundu. Ikififishwa inatoa maji ya kunde, inatoa mchanga, inatoa kutu ya mabati. Tone moja lililofifishwa sana pembeni mwa feruzi inayopiga kelele linaituliza, na ghafla picha inaonekana ya mtu mzima.

Kwa tano hizo jaribu mipangilio mitatu. Ya kwanza, feruzi, nili na kahawia nyepesi: hiyo ni fukwe maji yakiwa yametoka, na pale feruzi inapogusana na kahawia mwani unajichora wenyewe. Ya pili, majenta yenye njano kidogo na giza la nili na kahawia, huku ukiuachia weupe nafasi kubwa: ni rangi za kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyeupe yake ni kigae chenyewe. Mpangilio huu ni mgumu kuliko unavyoonekana kwa kuwa lazima ujizuie kuongeza. Ya tatu, njano, majenta na nili bila kahawia, kwa yale machweo.

Usitumie zote tano kwenye picha moja. Tatu zinatosha, mara nyingine mbili.

Hatua ya 5: Metali na nyeupe ziwe za mwisho

Dhahabu, fedha, shaba na nyeupe ni jamii nyingine kabisa. Hizi zina chembe ndani yake, na chembe huzama chini ya chupa. Tikisa mpaka usikie gololi ya ndani, kama ipo, ikicheza bila kukwama, na utikise tena kila unapodondosha. Funga mara moja. Dhahabu ikikauka mdomoni chupa inaziba na utapigana nayo kwa sindano.

Chembe zikiingia kwenye wino ulio mbichi zinasukumwa hadi ukingoni na kukaa hapo kama mshipa. Ndiyo ile mishipa ya dhahabu unayoiona kwenye kazi za wengi. Uzuri wake unategemea kiasi. Dhahabu juu ya nili inang'aa. Dhahabu juu ya njano haionekani. Shaba juu ya feruzi, kwa maoni yangu, inashinda dhahabu. Nyeupe inafifisha na kuweka wingu, lakini haina uwezo wa kurudisha weupe wa kigae, na ikichanganyika na rangi inatoa toni za chaki. Ijaribu kwenye kadi kama rangi nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Ipeleke juani kabla hujaipenda sana

Rangi zilizoyeyuka hupauka kwa mwanga haraka kuliko pigmenti. Pinki, majenta na zambarau kwa kawaida ndizo zinazotangulia. Kabla ya kuuza picha au kumpa mtu, chukua kadi za rangi zako tano, funika nusu ya kila moja kwa karatasi ya aluminiamu, na uzibandike dirishani kwenye jua la moja kwa moja kwa mwezi mmoja hivi. Ukiifunua foili utaona nani amebaki na nani ameondoka. Ikiwa majenta yako imepauka vibaya, tafuta ya mtengenezaji mwingine na urudie.

Vanishi ya kuzuia miale ya jua inasaidia kuchelewesha, haizuii milele. Lazima iwe ya kupuliza, kwa kuwa brashi itaburuta rangi yote. Wachoraji wengi hupuliza kwanza Krylon Kamar ili kuukamata wino, kisha Krylon ya kuzuia miale, kila moja kwa matabaka membamba mawili matatu. Ipulize kwenye kadi kwanza. Tabaka zito la kwanza linaweza kuyeyusha wino na kuuhamisha. Usipulize siku ya mvua: vanishi hushika unyevu na kutia ukungu mweupe juu ya picha. Mnunuzi naye mwambie aitundike mbali na dirisha. Na vikombe au sahani zilizochorwa kwa wino huu ni za pambo. Usichore mahali mdomo au chakula kinapogusa.

Hatua ya 7: Chora ndogo, uone kama zinakaa pamoja

Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10. Chagua rangi tatu kati ya tano. Mwaga spiriti kidogo eneo la theluthi moja tu ya kipande, dondosha rangi nyepesi, ipulize kwa mrija mpaka ifike pembeni, iache ikauke nusu. Dondosha ya pili kwenye mpaka kati ya iliyolowa na iliyokauka. Rangi nzito iwe ya mwisho na iwe kidogo. Kama utatumia drayeri, iwe na pepo pole, na uishike mbali na uipeleke kutoka katikati kwenda nje. Acha robo ya kipande ikiwa nyeupe kabisa.

Chora tatu nne za namna hiyo kwa rangi zilezile, kisha zilaze pamoja. Rangi inayokukera kwenye zote ndiyo ya kuondoa, hata kama kadi yake ilikuwa nzuri.

Kama upo pwani, fanya zoezi hili tena wakati wa masika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi wino unakauka taratibu, unatanuka zaidi, na unaweza kuacha utando uliofifia juu ya rangi nzito. Mtu wa Arusha anayefuata vipimo vya mtu wa Tanga atashangaa kwa nini ukingo wake ni mkali hivi. Pwani mimi hupunguza spiriti na kuongeza wino, na hufanya kazi mchana, unyevu unapopungua. Joto kali nalo huharakisha, kwa hiyo mchana huohuo weka kila kitu tayari kabla hujafungua chupa.

Chupa ya sita isubiri. Inunue pale picha inapodai kitu ambacho jozi zako kumi hazitoi. Kwangu ilikuwa kijani, kwa ajili ya majani ya mgomba: njano na feruzi zinatoa kijani kizuri, lakini kila nikipuliza jani refu zinaachana na ukingo unabaki wa bluu. Nilihitaji kijani kinachofika ncha ya jani kikiwa bado kijani. Ukitafuta ya namna hiyo, beba vipande vya karatasi ya kuchujia na kichupa cha spiriti mfukoni, umwombe muuzaji nukta moja kutoka kwenye chupa ya sampuli, na uangalie inapanda ikiwa rangi ngapi.